Paka wa mtaani mwenye lukemia: jinsi ya kumtafutia nyumba salama Mombasa

Paka akiokotwa Marikiti au kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, akapimwa na kukutwa na virusi vya lukemia ya paka, ushauri unaotolewa huwa wa aina mbili: mrudishe ulikomtoa, au apigwe sindano apumzike. Wote hutolewa kwa haraka mno. Akirudishwa mtaani ataambukiza wenzake kwa mate, naye hatadumu, kwa sababu kinga ya mwili wake haimudu vidonda, minyoo na viroboto vya nje. Na kumuua paka anayekula, anayecheza na asiye na maumivu kwa sababu ya kipimo kimoja tu ni dhuluma. Anachohitaji ni nyumba ya ndani isiyo na paka asiye na virusi hivi, na mtu anayejua anachokipokea. Nyumba hizo zipo, ila hazipatikani kwa siku moja, wala hazipatikani kwa kuficha ugonjwa.

Unachopaswa kukijua kabla ya kumwomba mtu yeyote

Virusi hivi hufupishwa FeLV. Viligunduliwa mwaka wa 1964 na William Jarrett na wenzake huko Glasgow. Hukaa zaidi kwenye mate, kisha kwenye kamasi, mkojo, kinyesi na maziwa ya mama. Paka huambukizana kwa kulambana, kula sahani moja, kuumana, na mama humpa mtoto akiwa tumboni au anaponyonya. Nje ya mwili virusi hivi ni dhaifu: vikikauka hufa ndani ya saa chache, na sabuni ya kawaida huviua.

Haviambukizi binadamu. Haviambukizi mbwa, kuku, mbuzi wala sungura. Yaseme haya mapema katika kila nyumba utakayoingia, hasa yenye watoto, maana hofu hiyo ndiyo hufunga milango mingi kuliko gharama.

Jina lenyewe hutisha kupita kiasi, kwani si kila paka mwenye virusi hivi ana saratani ya damu. Kuna paka ambao mwili huvishinda kabisa. Kuna ambao mwili huvizima, vikabaki vimejificha ndani ya chembe bila kuzunguka kwenye damu; hawa huweza kuishi miaka mingi kama paka wengine, ingawa msongo au maradhi mengine yanaweza kuviamsha. Na kuna ambao virusi huzunguka kwenye damu daima. Wengi wa kundi hili hufa ndani ya takriban miaka 3 tangu kugunduliwa, kwa upungufu wa damu, uvimbe wa saratani au maambukizi ambayo paka mzima angeyashinda. Paka mdogo hulemewa upesi zaidi kuliko mkubwa. Kwa hiyo unayemwomba amchukue paka unamwomba ahadi ambayo huenda ikawa ya miezi sita, huenda ikawa ya miaka kadhaa. Usimpunguzie wala usimwongezee.

Kumkamata na kumtenga

Paka aliyezoea watu mbebe kwa kikapu cha plastiki chenye kifuniko kinachofungika. Kama huna, chukua vikapu viwili vya nguo vinavyolingana, kimoja ukifunike juu ya kingine, uvifunge kwa kamba sehemu nne. Boksi la karatasi halifai: akikojoa linalowa, na chini hupasuka ukiwa katikati ya barabara. Kwa paka mkali, azima kizimba cha mtego kwa daktari au kwa watu wanaokamata paka kwa ajili ya kuwahasi. Tia ndani samaki mwenye harufu, dagaa wa kukaanga au kipande cha papa, kisha ukitege jioni mahali anapolishwa kila siku. Usimnyime chakula kwa siku mbili ili anase. Paka mgonjwa asiyekula muda mrefu hupata maradhi ya ini.

Akishanasa, funika kizimba chote kwa leso. Giza humtuliza kuliko maneno. Safiri naye asubuhi mapema au jioni, na tuktuk ni bora kuliko matatu kwa sababu ya hewa na kelele. Kama ni lazima kuvuka Likoni, epuka saa za msongamano. Kikapu kilichobanwa kati ya miguu ya watu kwenye joto la mchana kinaweza kumuua paka mwenye upungufu wa damu.

Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji ya mfereji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. FeLV haikudhuru, lakini kichaa cha mbwa hubebwa na paka pia, na jeraha la jino la paka huwa dogo juu na refu ndani, likaoza upesi.

Chumba cha kumtenga kinaweza kuwa bafu lisilotumika au stoo yenye dirisha. Weka besheni lenye mchanga mkavu au unga wa mbao wa kina cha sentimita 5, boksi la kujificha lililolala ubavu, maji, na chakula mbali na besheni. Kama una paka wako nyumbani, asiguse chombo chochote cha mgeni, na mgeni mlishe wa mwisho. Ukitoka, nawa mikono kwa sabuni na ubadilishe nguo uliyombebea. Paka wako wote wapimwe. Wasio na virusi wapate chanjo ya FeLV, dozi mbili zenye wiki 3 hadi 4 kati yake. Chanjo hiyo haikingi kwa asilimia mia, kwa hiyo isiwe sababu ya kuwachanganya. Kwa aliyekwisha kuambukizwa, haimsaidii kitu.

Vyombo vioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo viwekwe kwenye jiki, mililita 30 kwa kila lita ya maji, kwa dakika 10, visuuzwe na kuanikwa juani. Jiki juu ya uchafu haifanyi kazi, ndiyo maana sabuni hutangulia. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo. Na dawa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini usizitumie alipo paka: ini lake haliwezi kuzivunja, na anaziramba kutoka kwenye nyayo zake.

Kipimo kimoja hakitoshi

Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na bodi ya taifa, na uulize kwa simu kabla ya kwenda: mna kipimo cha FeLV leo, ni bei gani pamoja na ada ya kumwona daktari, na mnaweza kupima wingi wa damu? Kuuliza bei mapema si uchoyo. Wengi huishiwa pesa kwenye kipimo cha kwanza, wakakwama palipohitaji cha pili.

Kipimo cha haraka hutafuta antijeni, yaani protini ya virusi vyenyewe, kwenye tone la damu na hutoa jibu kwa takriban dakika 10. Chanjo haikivurugi, wala kingamwili za mama, yaani kinga anayompa mtoto kwa maziwa, hazikivurugi, kwa hiyo hata mtoto wa paka anaweza kupimwa. Mara nyingi kipimo hicho hicho huonyesha pia FIV, virusi vya upungufu wa kinga ya paka, ambavyo ni vingine kabisa. Hapo jibu la mtoto aliye chini ya miezi 6 linaweza kuwa la kingamwili za mama, na hurudiwa baadaye. Soma kila mstari peke yake na umwombe daktari aandike jina la virusi kwenye karatasi. Paka wengi wameitwa wa lukemia kumbe ni wa FIV, na nyumba zinazowafaa hao wawili si zile zile.

Jibu la FeLV likiwa chanya kwa paka anayeonekana mzima, rudia. Njia nzuri ni kutumia kipimo cha kampuni nyingine au kupeleka damu maabara kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za virusi, hata ikibidi sampuli isafirishwe nje ya Mombasa. Kisha pima tena baada ya wiki 6. Wapo paka ambao antijeni hutoweka kwenye damu baada ya wiki chache, wengine hadi wiki 16. Upande wa pili, jibu hasi kwa paka aliyekuwa na wenzake wagonjwa juzi tu si la kutegemewa. Subiri angalau siku 30 ndipo urudie.

Wiki hizo za kusubiri zina kazi. Mpe dawa ya minyoo na ya viroboto kwa uzito wake. Viroboto hunyonya damu ambayo hana ya ziada, na hushukiwa kuwa wanabeba vijidudu vinavyokula chembe nyekundu za damu. Usimpake dawa ya viroboto ya mbwa: nyingi zina pamethrini, sumu ya wadudu, nayo humuua paka kwa mitetemeko. Achanjwe kichaa cha mbwa. Chanjo nyingine daktari aamue, na kwa paka hawa zile zilizotengenezwa kwa virusi vilivyouawa hupendelewa. Ahasiwe au afungwe kizazi pale tu wingi wa damu unaporuhusu dawa ya usingizi. Hili ni la lazima kabla ya kumtoa. Dume asiyehasiwa atatafuta njia ya kutoka kila usiku, na jike atazaa watoto wenye virusi.

Nyumba gani ni salama

Sharti la kwanza halina mjadala: hakuna paka mwingine, au aliyepo naye amethibitishwa kuwa na FeLV. "Paka wetu hakai na wengine, hulala nje" si jibu. Maana yake ni kwamba yupo, na jioni atakula sahani ile ile.

Sharti la pili ni kwamba haendi nje kabisa, na hapa nyumba za Mombasa zina changamoto zake. Mji wa Kale mapaa yameshikana. Paka akipata sakafu ya juu amepata mtaa mzima, na paka shume wa mtaa wamempata yeye. Majengo ya ghorofa ya Tudor, Ganjoni au Bamburi yana grili, lakini nafasi kati ya nondo ni pana, na paka hupita popote kichwa chake kinapopita. Pengo lisizidi sentimita 4. Wavu wa mbu peke yake haumzuii, huupasua kwa kucha siku ya kwanza atakapoona kunguru. Kinachofaa ni wavu wa waya wa nusu inchi, ufungwe kwenye grili kwa waya wa kufungia kila baada ya sentimita 15, ncha zikiwa zimegeuzwa nje. Ukiweza pata uliopakwa plastiki. Hewa ya chumvi hula waya mtupu: pale karibu na bahari, Kizingo au Nyali, kutu huanzia kwenye vifundo, na wavu unaoonekana mzima hukatika ukiuvuta. Kila miezi mitatu uvute kwa mkono pembe zote nne.

Mlango ndio hupoteza paka wengi kuliko dirisha. Nyumba ambayo mlango hukaa wazi tangu alfajiri hadi Isha, watoto wakiingia na kutoka, majirani wakija kuazima, si nyumba ya paka huyu hata kama watu wake wana huruma nyingi. Nyumba yenye ukumbi mdogo kabla ya sebule, au pazia la wavu lenye fremu na springi ya kujifunga, inafaa.

Angalia pia joto. Chumba cha juu kabisa chini ya mabati, miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, hugeuka tanuri. Paka mwenye damu pungufu anahitaji sakafu ya saruji au vigae, upepo, maji yanayobadilishwa mara mbili kwa siku, na siku mbaya kabisa chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kwa leso karibu na anapolala.

Mbwa mpole si tatizo la kiafya. Wala watoto si tatizo, wakifundishwa. Mama mjamzito asisafishe besheni la mchanga, kwa sababu ya vijidudu vingine vinavyoweza kuwa kwenye kinyesi cha paka yeyote. Na mtu ambaye kinga yake mwenyewe imeshuka, kwa mfano anayepata tiba ya saratani, azungumze na daktari wake kwanza: paka mwenye kinga dhaifu huweza kubeba maradhi mengine, kama choa na minyoo.

Sasa, nyumba ambazo zitakujia kwa urahisi na unapaswa kuzikataa: duka au ghala linalotaka paka wa panya, hoteli ya ufukweni, shule, shamba la Mtwapa au Kilifi "lenye nafasi kubwa". Wanaokupa hufanya hivyo kwa moyo mwema. Lakini kote huko kuna paka wengine, na huko nje hakuna atakayeona kwamba fizi zake zimekuwa nyeupe. Nafasi kubwa si hitaji la paka huyu. Chumba kimoja chenye dirisha, kibao cha kukaa dirishani na mtu wa kumkuna shingo kinamtosha.

Kumfungia ndani si dhambi?

Swali hili utaulizwa Mombasa, na ni swali la haki. Waislamu wengi wamekua na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Lakini hadithi yenyewe inaeleza kosa: hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwachia ajitafutie. Kumweka paka mgonjwa ndani akiwa na chakula, maji, kivuli na tiba ni kinyume cha hayo. Usilijibu kwa pupa. Mzee anayeuliza hivi mara nyingi ndiye mlezi bora, kwa sababu amekwisha kufikiri kuhusu jukumu lake kwa kiumbe. Kama bado ana wasiwasi, mwache amuulize shekhe wake kabla ya kuamua.

Kutangaza na kutafuta

Anza na watu ambao tayari wanamjua paka. Anayemlisha pale gengeni, mlinzi wa jengo, muuza samaki anayemtupia vichwa. Hawa huenda wasiwe na nyumba inayofaa, ila wanajua nani mtaani amefiwa na paka karibuni. Kisha madaktari wa mifugo: waombe wakuulizie wateja ambao paka wao ana FeLV au amekufa kwayo. Mteja wa namna hiyo ana thamani kuliko matangazo hamsini, kwa sababu haogopi jina. Baada ya hapo ndipo makundi ya WhatsApp ya majengo na mitaa, na kurasa za Facebook za wapenda wanyama.

Tangazo liseme ugonjwa katika mstari wa pili, si mwishoni. Mfano:

"Kito, dume aliyehasiwa, takriban miaka 2, kilo 3.8. Ana virusi vya lukemia ya paka, FeLV, amepimwa mara mbili. Haviambukizi watu wala mbwa. Lazima aishi ndani tu, peke yake au na paka mwenye FeLV. Kwa sasa anakula vizuri, hupenda mapajani, anajua besheni. Amechanjwa kichaa cha mbwa. Hatolewi kwa kazi ya panya wala kukaa nje. Tutakuja kuiona nyumba kwanza. Mombasa na Mtwapa pekee."

Picha mbili zinatosha: moja ya uso kwenye mwanga wa dirisha, moja akiwa amelala karibu na mtu. Usiweke picha ya siku uliyomuokota akiwa na vidonda. Picha hiyo huleta machozi na maoni mengi, na watu wa kumchukua kwa huruma ya dakika tano.

Mtu akipiga simu, zungumza naye kwa utaratibu, si kama askari. Muulize nani mwenye nyumba na kama anaruhusu paka, na uombe ujumbe wa mwenye nyumba kwa maandishi. Paka wengi hurudishwa kwa sababu hiyo moja. Muulize nani mwingine anaishi pale na kama wamekubali. Ni nani atamlisha wakienda bara kwa likizo au Lamu kwa Maulidi? Muulize pesa ya daktari itatoka wapi paka akiugua usiku wa Jumapili. Hahitaji kuwa tajiri. Anahitaji kuwa amefikiri. Kisha swali la mwisho, nalo liulize polepole: akifa baada ya miezi minne, utajisikiaje? Anayejibu "hafi, nitamwombea" bado hajasikia. Anayenyamaza kidogo kisha akauliza dalili ni zipi, huyo endelea naye.

Mwenye kazi ya mkataba atakayehama Kenya baada ya mwaka mmoja usimkatae moja kwa moja, lakini aseme leo ni nani atampokea. Usafiri wa ndege kwa paka huyu ni mzigo mkubwa.

Nenda uione nyumba. Ingia hadi jikoni na bafuni, fungua madirisha kwa mkono wako, tazama juu ya milango penye matundu ya hewa: nyumba nyingi za zamani za Pwani zina matundu hayo, na paka huyafikia kupitia kabati.

Siku ya kumkabidhi

Andikeni karatasi moja, nakala mbili, kila mmoja asaini. Iwe na majibu ya vipimo na tarehe zake, chanjo, uzito wa siku hiyo, jina la daktari, ahadi ya kutomtoa nje, na sharti kwamba mlezi akishindwa paka arudi kwako na si kwa mtu wa tatu. Kubalianeni wiki mbili za majaribio. Peleka pia chakula cha siku tano cha aina aliyozoea na kitambaa alichokilalia bila kukifua, maana harufu yake humfanya ale upesi.

Chumba kimoja kwa wiki ya kwanza. Paka mkubwa wa mtaani anaweza kulia usiku kwa siku kadhaa. Asifunguliwe mlango kwa sababu ya kilio. Piga simu siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, baadaye kila mwezi, na uliza jambo mahususi: amekula gramu ngapi, amejisaidia lini. "Hajambo?" huleta jibu la "hajambo".

Mweleze mlezi chakula kwa undani, kwa sababu mazoea ya jikoni zetu yana hatari hapa. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu cha paka kwa siku. Nyama, maini na samaki vipikwe hadi viive, bila chumvi na bila miiba. Kinga yake haiwezi vijidudu vya nyama mbichi. Asipewe masalio ya pilau, mchuzi wala samaki wa kupaka: vitunguu na vitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu, na huyu hana za kupoteza. Ugali na supu ya samaki hushibisha tumbo tu. Samaki wa mafuta kama jodari kila siku huleta uvimbe wenye maumivu kwenye mafuta ya mwili, na maziwa ya ng'ombe huharisha wengi.

Panadol asipewe kamwe. Kidonge kimoja chatosha kumuua paka. Brufen vile vile.

Kila wiki mbili apimwe uzito, kwenye mizani ya duka akiwa ndani ya kikapu, kisha uondoe uzito wa kikapu. Mizani ya kusimamia watu haionyeshi gramu 200, na hizo 200 kwa paka wa kilo 4 tayari ni sababu ya kumpigia daktari. Siku hiyo hiyo ainuliwe mdomo kwenye mwanga wa dirisha. Fizi za kawaida ni za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole weupe hurudi waridi kabla ya sekunde 2. Zikiwa nyeupe kama karatasi au za manjano, ni safari ya daktari leo. Hali kadhalika akihema mdomo wazi, asipokula kwa saa 24, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au ukigusa tezi kubwa chini ya taya. Akiwa mzima, daktari amwone kila miezi 6 na apimwe damu.

Kama nyumba haijapatikana

Ukiwa na paka wawili au zaidi wa FeLV mikononi, njia nafuu ni kuwaweka pamoja, wote wakiwa wamehasiwa na kuthibitishwa, na kuwatafutia nyumba moja. Kama ni mmoja, ongeza muda wa kulea na upunguze msongo wake, badala ya kulegeza masharti. Chumba chako kidogo ni salama kuliko uwanja mkubwa wa mtu mwingine.

Na kuna hali ambapo kumpumzisha ndiyo huruma: amekataa kula kabisa, damu imeshuka na haipandi kwa tiba, anahema kwa shida, amejificha na hataki kuguswa na mtu aliyekuwa akimpenda. Uamuzi huo uongozwe na hali yake na daktari aliyemshika, kamwe si karatasi ya kipimo. Mlezi mpya aelezwe hayo mapema ili asibaki peke yake na uamuzi huo usiku.

Paka akifa kwa mlezi, mtembelee. Besheni na mabakuli vioshwe kwa sabuni na jiki, matandiko yafuliwe na kuanikwa juani. FeLV haitabaki humo. Nyumba hiyo sasa ina wavu madirishani, ina daktari, na ina mtu anayeweza kuisoma fizi ya paka. Hifadhi namba yake, na baada ya muda mwulize kwa upole kama yuko tayari kwa mwingine.